Mbona Humwoni Fontenot

Houston,
14 Machi 1999

Mjomba Patroba,

Naanza na salamu, maana nakujua: barua isiyo na salamu unaiweka chini ya sufuria ya moto. Mimi ni mzima. Mafua ya majira haya yamenipitia na kuniacha. Mama alipiga simu kutoka Keroka Jumapili iliyopita. Mvua imenyesha, mahindi yamepandwa, yule ng'ombe wa pembe moja amezaa ndama jike, na anauliza kama kaka yake wa Texas bado ana meno. Nimemwambia unayo na unang'atia watu. Msalimie Anti Avelina, umwambie zile chapati alizonifungia Januari ziliisha kabla basi halijatoka Dallas.

Sasa lililonileta. Unajua nilipata kibarua cha saa chache kwa timu ya futiboli, hii ya Wamarekani ya kukumbatiana na kuangushana. Si timu kubwa. Ile kubwa ilihama Houston na watu wamenuna hadi leo. Hii yetu ni ndogo, wachezaji wanalipwa lakini si wa kuringa, na uwanja wenyewe tunaazima kwa shule ya sekondari. Kazi yangu ni kupanda jukwaa la chuma nyuma ya goli na kupiga picha za video. Nilidhani inaishia hapo. Wiki jana Kocha akaniita akasema msaidizi wake ameacha kazi, kwa hiyo mimi ndiye nitakayetazama kanda na kuwapa alama wale watano wa laini ya mbele.

Hao watano, Mjomba, hawatupi mpira wala hawakimbii nao. Mmoja wa katikati, wanamwita senta, anaupitisha nyuma kati ya miguu yake, halafu kazi imekwisha na shida imeanza. Kushoto kwake wako wawili, kulia kwake wawili, na wote wanatakiwa wazuie adui asimfikie kijana wetu anayetupa mpira. Wakifanya vizuri hakuna anayewataja. Wakikosea, kijana anazikwa na watu wazito. Kila mchezo nimpe kila mmoja alama: amemshika mtu wake, au amemwachia.

Mimi naona migongo mitano tu ikiinama. Sioni kitu kingine. Lakini wewe ulicheza raga Kisumu ukiwa kijana, ulikuwa prop, msukumaji wa mbele kwenye skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana, na kila Krismasi lazima utuonyeshe kwa kusukuma kabati la watu. Nakutumia kanda ya mechi ya majaribio. Kocha anasema mechi iliyokwisha si siri. Nimepiga kutoka nyuma yao, kwa hiyo kushoto kwako ndiko kushoto kwao. Nisaidie kabla hawajagundua kwamba sijui ninalofanya.

Mpwa wako anayekutegemea,
Nyaboke


Euless,
4 Aprili 1999

Mama,

Nakuita hivyo nikijua unachukia, lakini wa kulaumu ni dada yangu aliyekupa jina la mama yetu mzazi. Tangu ulipobatizwa mimi ni mtoto wako, na bado nasubiri uninunulie viatu vya shule.

Pasaka imetukuta salama. Anti yako ameimba na kwaya tangu asubuhi, sasa sauti imemwisha na nyumba imetulia, Mungu asifiwe. Wale wazee anaowatunza kazini wamempa maua, eti ndiye binti yao. Kile kichwa kilichoniuma baada ya mwaka mpya kimeacha, ilikuwa baridi tu. Kazi ipo. Nachukua mizigo karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, napeleka Laredo mpakani, narudi na mingine. Vijana wa ghala siku hizi wanaegesha ovyo, wamenivunjia kioo cha pembeni cha lori, halafu msimamizi ananikazia macho mimi. Na masomo ya unesi yanaendaje? Mama yako ataniuliza na sitaki kubabaika.

Kanda nimeitazama. Nilitoa kochi mbele ya televisheni, nikaketi kwenye kiti cha jikoni, maana skramu haitazamwi mtu akiwa amelala. Mama, umenirudishia ujana! Wamarekani wamekuambia hii ni futiboli, lakini pale mbele ni raga iliyovaa kofia. Anayeshuka chini zaidi anashinda, hakuna siri nyingine.

Senta wako mpe alama nzuri. Ana nyonga za ng'ombe na hana haraka. Yule wa kushoto kabisa, namba sitini na sita, ana mikono mirefu, anamsukuma mtu mbali kabla mtu hajamgusa. Mpe nyingi. Huyo aliyeko kati yake na senta ni mwongo. Sikiliza: wakitaka kukimbia na mpira anaegemea mbele juu ya vidole, wakitaka kutupa anakaa juu ya visigino. Adui akiwa na macho atajua kabla mpira haujatoka. Mwambie Kocha.

Upande wa kulia sina la kusema. Namwona mmoja akichungulia mara moja moja. Huyo wa mwisho kulia, sabini na moja, sikumwona akifanya la maana hata kidogo. Anatokea mwishoni kuinua wenzake, basi. Mpe alama za huruma.

Alama zote nimeziandika kwenye karatasi nyuma ya hii.

Mwanao,
Patroba


Houston,
20 Aprili 1999

Mjomba,

Pokea salamu za watu wa Houston, na mvua yao ambayo haijui kuaga. Mama anasema ndama amepewa jina lako kwa sababu anapiga kelele bila sababu. Mimi sikusema kitu, nimeleta habari tu. Msalimie Anti, na wale wazee wake, na maua yao.

Umenifanya mtu mkubwa! Nilimweleza Kocha habari za yule wa vidole na visigino. Akarudisha kanda nyuma. Akarudisha tena. Halafu akacheka, akapiga meza, akasema, "Who told you that?" Nikasema nina mjomba. Tangu siku hiyo kila akinikuta ananiuliza mjomba anasemaje. Huyo kijana anafundishwa upya kuinama, anainama hadi kwenye foleni ya chakula.

Upande wa kulia Kocha aliguna tu. Huyo wa sabini na moja anaitwa Fontenot, mtu wa Louisiana, mkimya, akimaliza mazoezi anakwenda kufunga matairi kwenye gereji ya shemeji yake. Nami sikumwona sana, kusema kweli, macho yangu yako kwa mpira. Nimeandika alama zako kama ulivyozitoa.

Kanda mbili ziko ndani ya kifurushi, ni mechi za ligi sasa, moto wake mwingine. Na wewe na kioo cha lori, mbona vijana wa ghala wameanza kukosa adabu mwaka huu tu? Zamani ulikuwa unaniambia lori unaliingiza kwenye tundu la sindano.

Mpwa wako,
Nyaboke


Euless,
9 Mei 1999

Mama,

Leo ni siku ya akina mama huku Marekani, kwa hiyo hongera kwa kunizaa. Anti yako amepewa keki kanisani. Salamu zake unazo. Tulikuwa na mgeni, Mchungaji alikuja kula, nikammwagia chai yote mapajani. Nilinyoosha mkono kuchukua sukari nikagonga kikombe chake. Avelina alinikaripia mbele ya watu, "Patroba, wewe hu-look unakopeleka mkono?" Nikasema meza imejaa vikorokoro mno. Nyumba hizi za kupanga zimejengwa na watu wembamba, hata milango yake inanigonga bega.

Hukunijibu habari za masomo. Nimeona.

Tuingie kazini. Sitini na sita ni mwanamume. Kwenye mechi ya pili alimbeba mtu kama gunia la viazi hadi nje ya uwanja. Yule mwongo ameanza kupona, lakini bado anasaliti kwa kichwa, mwambie atazame nyasi. Senta alichoka robo ya mwisho, si kosa lake, jua lilikuwa kali hata mimi kwenye kiti nilitoka jasho.

Kulia, mama, mnafanya nini? Mechi mbili, na sijaona mtu. Nasema ukweli wangu kama mtu wa skramu: mpira unatoka, namtazama senta na kijana wa kutupa, kushoto kunachemka, kulia kimya. Huyo Fontenot wenu hana kazi. Kocha amrudishe kwenye matairi yake, atie mtu mwenye njaa. Nimempa sifuri nyingi kuliko wenzake wote, na sijuti.

Lori limepata mkwaruzo kidogo Laredo, nguzo ya njano, imewekwa mahali pa kijinga. Msimamizi ameandika jina langu ubaoni. Nimemwambia asinizoee.

Mwanao,
Patroba


Houston,
30 Mei 1999

Mjomba wangu,

Natumaini barua hii inakukuta nyumbani, si njiani. Mama mzima. Hapa joto limeanza, usiku na mchana ni sawa. Nisalimie Anti sana, na leo nakuomba uisome hii yote, hata ukikasirika katikati.

Kocha alimkalisha Fontenot benchi mechi iliyopita kwa sababu ya alama zetu. Kijana aliyewekwa mahali pake aliachia watu watatu, na mtupaji wetu akatoka uwanjani akishikilia mbavu. Kesho yake Kocha akaniita. Hakupiga kelele. Aliweka kanda ya kwanza kati ya zile mbili nilizokutumia Aprili, akasimama nyuma ya kiti changu, akasema nimtazame Fontenot peke yake, mpira nisiujali. Nikamtazama. Mjomba, hakumwachia mtu. Robo nzima hakumwachia mtu hata mmoja. Kuna mahali jitu moja linamjia na kumzunguka, yeye anarudi hatua fupi fupi, anakaa chini vile ulivyonifundisha, analisindikiza jitu hadi nyuma ya mchezo kama anamwonyesha mgeni choo. Kocha akaniuliza, "Mjomba wako alikuwa anatazama nini?"

Nilisema ulikuwa umechoka. Nilirudi chumbani nikiwa na hasira nawe. Nikachukua karatasi zako zote, nikaanza kuzilinganisha na kanda, mchezo kwa mchezo. Kushoto hukukosea hata mara moja. Senta hukukosea. Gadi wa kulia, yule aliye kati ya senta na Fontenot, nusu umemwona, nusu hukumwona. Fontenot hukumwona kabisa. Umeandika sifuri hata pale alipomwangusha mtu juu ya mtu.

Halafu nikasoma barua zako. Kioo kilivunjika upande gani, Mjomba? Nguzo ya njano ilikuwa upande gani? Mchungaji alikaa upande gani wa meza? Mlango unakugonga bega lipi?

Hasira iliisha nikaanza kuogopa. Darasani tulifundishwa jambo dogo. Keti mbele ya Anti, mtazame puani, usiondoe macho. Anti anyooshe mkono wake pembeni, kulia kwako, achezeshe vidole, auingize polepole katikati. Wewe sema ukiviona tu. Kisha afanye kushoto. Hakuna dawa wala sindano. Fanya hivyo leo, na mpaka umwone daktari, nakuomba usiendeshe lori. Barabara ya Dallas hadi Laredo ina watu upande wa kulia.

Nakupenda. Usinichukie.

Nyaboke


Euless,
13 Juni 1999

Nyaboke,

Sisi ni wazima. Barua nimeipata.

Uliniomba macho ya mtu aliyecheza skramu, nikakupa. Sikukuomba unipime. Kadi yangu ya daktari wa madereva bado haijaisha na nimeendesha magari makubwa tangu hujazaliwa. Kijana wa Louisiana akikosea au asikosee si msiba wangu.

Kanda usitume tena. Avelina usimsumbue na mambo haya, ana wazee wake wa kutosha.

Patroba


Houston,
20 Juni 1999

Mjomba,

Salamu. Sisi huku wazima. Hukuniita mama. Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta neno hilo.

Nianze na langu, ili usione kwamba ni wewe peke yako unayevuliwa shati. Unaniuliza masomo, nami nakimbia. Niliacha unesi Januari mwaka huu. Hakuna aliyenifukuza. Nilisimama wodini siku moja nikajua kwamba nitaifanya kazi ile kwa chuki maisha yangu yote, na wagonjwa hawastahili hilo. Sasa nasoma mambo ya filamu. Mama hajui. Nilipanga kumwambia nikishafaulu kitu, chochote. Ndiyo hayo, unaweza kumpigia leo.

Sasa lako. Umenikatalia kama mpwa, na mpwa hana mamlaka, najua. Mtoto wa dada hamwambii mjomba wake shuka garini. Lakini tangu niko mdogo umesimama mbele ya wageni, mbele ya wazee, hata kwenye mazishi, ukaniita mama yako. Ulinikataza nisikuitikie kwa jina, ulitaka niseme mwanangu. Ulipotoka Kenya ulikuja kuniaga mimi kwanza, niko darasa la nne, ukapiga goti, ukaniambia nikuombee kwa jina la Nyaboke, na watu hawakucheka. Basi nami leo sikuchezei. Mimi Nyaboke nakuambia, Patroba, shuka kwenye hilo lori.

Kama jina hilo lilikuwa mzaha, niandikie kwamba lilikuwa mzaha, nami nitanyamaza.

Nyaboke


Houston,
18 Julai 1999

Mjomba,

Natumaini mko salama. Sijapata neno. Kila nikisikia habari za ajali barabarani, nauliza kwanza rangi ya lori.

Juzi nilipiga simu kwenu, Anti akapokea, nikamsalimia, nikamuuliza kwaya, nikakata. Sikumwambia. Nilitaka uwe wewe. Lakini siwezi kukaa na jambo hili ikifika siku ukaua mtu, au ukajiua, nami nilikuwa najua. Jumapili ya tarehe moja Agosti nitapanda basi nije nimwambie mbele yako. Utanifukuza baada ya hapo.

Nyaboke


Euless,
27 Julai 1999

Mama,

Jina halikuwa mzaha.

Anti yako anakusalimu, amekaa hapa karibu nami, amelia na sasa anakaanga samaki. Mama yako nimempigia simu lakini la masomo yako sikugusa, hilo utalisema mwenyewe kwa mdomo wako, nami nitakuwa upande wako akianza kupiga kelele. Alinifundisha kazi hiyo ya kupiga kelele tukiwa wadogo.

Nitakueleza lilivyokuwa. Ile barua ya Juni niliipokea siku ninaondoka. Niliisomea kwenye lori, nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati, nikasema hataniamuru mtoto niliyemfuta makamasi. Nikaenda Laredo. Nikarudi. Nikaenda tena. Iko mfukoni tu. Shati likienda kufuliwa naitoa, naitia jingine. Kama ungeniandikia kama nesi, ningekujibu. Mpwa ningemfokea, na nilimfokea. Lakini huyo aliyeniandikia kwa jina la mama, kila nilipotafuta la kumjibu nilikuwa mtoto mwenye kaptula.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kituo cha malori Corsicana pamoja na Siméon, dereva mwenzangu, Mkongo wa Bukavu, mtu wa sala sana. Nikamwambia nataka anisaidie mchezo. Nikaketi kwenye usukani, macho nikayaweka kwenye bango lililoko mbele, nikamwambia aende mbali upande wa kulia, halafu atembee taratibu akipita mbele ya lori, nami nitamwambia nikimwona. Akaenda. Nikangoja. Nikaona anachelewa, nikapiga kelele, "Siméon, anza basi!" Akajibu, "Nilianza zamani, papa. Niko hapa." Na sauti yake ilikuwa karibu! Sikugeuka. Macho kwenye bango. Halafu nikaona kofia yake imetokea katikati ya kioo, ghafla, kama imeota pale.

Tulirudia. Nilimlaumu kwamba anakimbia. Akasema, "Papa, mimi natembea kama mtu wa kubeba maiti." Mara ya tatu aliponitokea mbele ya pua nikaweka mikono juu ya usukani, nikalia. Sioni aibu kukuandikia. Nilikuwa nafikiria watoto wote walioketi upande wa kulia ndani ya magari madogo, tangu mwaka mpya mpaka siku ile, wakiangalia gurudumu langu likiwakaribia, na mama zao wakirudi nyuma kunipisha. Mungu ndiye aliyekuwa anaendesha. Mimi sikuwa nikiendesha.

Siméon alimpigia msimamizi. Wakatuma mtu kuchukua lori, na Siméon akanirudisha nyumbani kwa lake, njia nzima akiimba wimbo wa kanisani pole pole asinisemeshe. Funguo nilimkabidhi huyo mtu wa lori mwenyewe, kwa mkono wangu.

Daktari alinitia uso kwenye mashine kama bakuli jeupe. Vitaa vinawaka vidogo, nawe ukikiona unabonyeza. Kushoto vikawa vingi, nikabonyeza kwa raha. Halafu mashine ikanyamaza. Nikakaa. Nikamuuliza yule dada, imezimika? Akasema, "No sir, it's still going." Ilikuwa inawaka muda wote. Wakanipiga picha ya kichwa. Kile kichwa cha Januari hakikuwa baridi, ulikuwa mshipa umeziba huko nyuma, macho yenyewe ni mazima ila upande huo ubongo haupokei. Nimepewa dawa ili mwingine usizibe. Upande wa kulia anasema huenda usirudi. Lori, mama, limekwisha. Hata gari dogo.

Nakuambia wazi kwamba naogopa. Hapa mtu asiyeendesha gari hawezi hata kufuata chumvi. Ninasubiri Avelina anipeleke kama mzigo, nami maisha yangu yote ni mimi niliyepeleka mizigo. Jana nilimjibu vibaya kwa ajili ya hilo. Aliniacha nimalize, kisha akaniletea viatu vyangu, akasema twende dukani kwa miguu, nami nikaenda, nimeshika mkono wake kando ya barabara ambako hakuna mtu mwingine anayetembea.

Tuliporudi nikamwomba aweke ile kanda ya kwanza ya Aprili. Daktari amenifundisha kugeuza kichwa chote, si macho tu, mpaka kidevu kiguse bega. Nikaketi kwenye kiti cha jikoni. Senta akainama. Nikageuza kichwa.

Yuko pale, mama. Mkubwa, anavuta pumzi, anafuta mikono kwenye suruali. Mpira ukatoka, akakaa chini, akamshika mtu wake, hakumwachia. Nikamwambia Avelina arudishe. Hakumwachia. Tumetazama mechi nzima hivyo, halafu ya pili, Avelina akiniambia sasa, na mimi nikigeuka. Nimempa alama upya, karatasi iko nyuma. Usimpunguzie hata moja.

Njoo hiyo Jumapili kama ulivyosema, sasa njoo kula. Na kama Fontenot anakubali kupanda basi na msichana wa Kenya, mlete. Nataka nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Mkifika mlangoni, mwambie apite akae kushoto kwangu, nisije nikampoteza tena.

Mwanao,
Patroba